Mafundisho Yaliyovuka Milima Pamoja na Wakimbizi



Ukipanda teksi ya Entebbe, kabla hujafika mjini kuna njia ya kuingia Garuga, upande wa ziwa. Huko Bulega kuna kituo cha dini ya Kibudha, kilichoanzishwa mwaka 2005. Wengi wetu ni Wakristo au Waislamu, na habari hii haimwombi mtu abadilishe dini. Tunaileta kwa sababu katika safari ya mwanzilishi wake mna wakimbizi ndani.

Kijana wa Uganda afika milimani

Steven Kaboggoza alizaliwa Uganda mwaka 1966, akalelewa Mkatoliki. Mwaka 1990 alikwenda India kusoma chuo kikuu. Akakutana na watawa wawili vijana kutoka Thailand, wakawa marafiki, na ndipo akaanza kusikia habari za Budha. Baadaye alipanda milima ya kaskazini mpaka Dharamsala, akasikiliza mafundisho kati ya Watibeti. Mwaka 2002 akawa mtawa huko California, Marekani, na sasa anajulikana kama Bhante Buddharakkhita.

Aliporudi nyumbani watu walishangaa: kichwa kimenyolewa, shuka begani! Wengine walidhani ni mganga, na bakuli lake la chakula eti ni ngoma. Lakini mama yake mzazi naye baadaye akawa mtawa.

Walimu wenyewe ni nani?

Watibeti wa Dharamsala ni wakimbizi. Machi 1959, kulipokuwa na mapigano na jeshi la China, kiongozi wao Dalai Lama alitoka Lhasa usiku, amevaa kama askari wa kawaida. Alikuwa na miaka 23. Alisafiri milimani kama wiki mbili mpaka akaingia India, na maelfu wakamfuata. Mwaka ule ule wa 1959 Wanyarwanda wengi walikuwa wanavuka mpaka kuja Uganda, na Nakivale ikatambuliwa rasmi mwaka 1960. Kumbe shida zetu ni za rika moja.

Mwanzoni hali ilikuwa ngumu. Watu wazima walipewa kazi ya kutengeneza barabara milimani, na watoto waliugua sana katika kambi za barabarani. Mei 1960 watoto 51 waliletwa Dharamsala, wakalelewa na dada mkubwa wa Dalai Lama. Shule zao nazo zikaanzishwa, na hadi leo watoto wanasoma masomo ya India pamoja na lugha yao ya Kitibeti.

Siku ya mafundisho

Mtaa wa McLeod Ganj, lilipo hekalu, uko juu karibu mita 2,000, baridi kama ya Kabale. Watu huja mapema, kila mmoja na mto wa kukalia, kikombe, na redio ndogo ya kusikilizia masikioni. Watawa vijana hupita na birika za chai. Chai yao ya asili ina chumvi na siagi, mgeni akionja mara ya kwanza anakunja uso! Kiingilio hakuna.

Sasa angalieni jambo hili. Mwalimu anafundisha Kitibeti, na wakalimani wanatafsiri kwenye redio. Mwenyeji haachi lugha yake kwa sababu wageni wamejaa. Mgeni ndiye anayeleta redio.

Fundisho linalorudiwa sana ni huruma, hata kwa aliyekudhuru. Kwa mtu aliyefukuzwa kwao, neno hilo si jepesi. Kwa kutetea watu wake bila kutumia silaha, Dalai Lama alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1989.

Na sisi je?

Watoto wetu wa Katwe na Nsambya wanaongea Luganda na Kiingereza vizuri, na hiyo inawasaidia shuleni na sokoni. Lakini Kibembe, Kifuliru, Kirundi au Kisomali kinabaki kwa bibi peke yake. Wazazi tunasema, "Tutawafundisha tukirudi nyumbani." Watibeti wamengoja zaidi ya miaka 60. Wazee wengi wamezikwa India bila kuiona tena Tibeti. Kama wangengoja kurudi ndipo wafundishe, yule kijana wa Uganda angepanda mlima na kukuta watu waliosahau.

Basi, mambo matatu ya kujaribu mwezi huu:

1. Chagueni jioni moja kwa wiki ya kuongea lugha ya kwenu tu. Mtoto akikosea, msimcheke.

2. Mwombeni babu au bibi asimulie hadithi moja, na kijana aiandike kwenye daftari.

3. Jirani wa kabila lingine akipenda kusikiliza, mkaribisheni. Mtoto atafsiri.

Mzee mwenye hadithi ambayo hajawahi kumsimulia mjukuu, aanze na hiyo.