Pete ya Lenzi na Giza la Uluguru

Apandaye kutoka Morogoro mjini, akaipita nyumba ya Morningside waliyoijenga Wajerumani, akaingia msituni kuelekea kilele cha Bondwa milimani Uluguru, huliacha jua nyuma yake. Kwani ukungu na matawi huizuia nuru hata wakati wa adhuhuri, na yule kinyonga aitwaye Kinyongia oxyrhina, ambaye dume lake lina pembe moja puani, humtaka mpiga picha awe na lenzi yenye tundu pana mno, au subira. Aghalabu watu hudhani kwamba upana wa tundu ni suala la fedha na ustadi wa kusaga vioo tu. La hasha, upo mpaka mwingine, nao umo katika pete ya chuma inayoiunga lenzi na kamera.

Nuru hutoka nyuma ya lenzi kwa umbo la pia, kitako kikiwa kwenye lenzi na ncha ikitua juu ya filamu au sensa, na kadiri namba ya f, yaani kipimo cha tundu, inavyopungua ndivyo pia hiyo inavyotanuka. Pete hiyo, yaani kiungio, ya Nikon F, iliyotoka mwaka 1959, ina uwazi wa milimita 44, nayo imekaa milimita 46.5 mbele ya filamu, kwa kuwa baina yao sharti pawe na nafasi ya kioo kinachoinuka kila picha ipigwapo. Ukikokotoa, pia ya f/1.2 ifikapo penye pete ina upana wa milimita 42.6 hivi: hupita kwa kubanana. Ya f/1.0 yataka karibu milimita 54, nayo haipiti. Na hesabu hiyo ni ya katikati ya picha tu, maana pembeni mambo huzidi kuwa magumu. Ndiyo sababu lenzi za Nikon za kiungio hicho ziliishia f/1.2.

Canon, mwaka 1987, walikitupa kiungio chao cha zamani, hata wateja wakanung'unika sana, kisha wao wakaleta kile cha EF chenye uwazi wa milimita 54; na mwaka 1989 wakatoa lenzi ya f/1.0, ambayo pia yake hapo haizidi milimita 51. Nikon nao walingoja hata 2018, kioo kilipoondolewa na pete ikasogezwa hadi milimita 16 tu kutoka kwenye sensa. Mwaka uliofuata wakatoa f/0.95, lenzi yenye uzito wa kilo mbili.

Amma faida yake kwetu ni haba. Lenzi hiyo huingiza nuru mara 1.6 tu ya ile ya f/1.2, na kwa umbali wa nusu mita huonyesha waziwazi kina cha milimita chache tu, jicho la kinyonga likawa dhahiri huku pembe yake imefifia. Mwenye Nikon ya zamani asiiuze: kwa kiumbe asiye na haraka, stendi ya miguu mitatu yatosha, na bei yake ni nafuu.