Konfitiri ya maembe: kifuniko peke yake hakitoshi

Wamama wapendwa wa Kasongo na Kabambare, mvua zimerudi, na chini ya miembe yetu maembe yanayooza ni mengi kuliko yanayoliwa. Watoto wameshiba, mbuzi wameshiba, na sokoni lundo zima halina bei. Miezi michache tu, tutatafuta embe moja tulikose. Ndiyo sababu vikundi vingi vinapika konfitiri. Kupika tunajua. Shida yetu ni kufunga chupa.

Msimu uliopita, sisi katika kikundi chetu tulifunga chupa zetu kwa bugi iliyoyeyushwa, kama tulivyoona kwa mama zetu. Majuma machache yakapita, tukakuta karibu nusu ya chupa zina ukungu chini ya nta. Sukari, makala na jasho letu, vyote shimoni.

Njia za zamani ni nyingi. Wengine hufunika mdomo wa chupa kwa jani la ndizi lililobabuliwa motoni na kulikaza kwa kamba. Wengine humwaga nta ya nyuki au ya bugi juu ya konfitiri. Huko Ulaya, mabibi walikata karatasi ya duara, wakailoweza katika pombe kali na kuilaza juu ya konfitiri. Njia hizi si za kuchekwa. Jani huzuia nzi, vumbi na siafu. Lakini halizuii hewa. Nta nayo ikipoa hunywea, ikaacha nafasi ndogo pembeni, na ukungu hupita hapo. Tena bugi za dukani nyingine zina rangi na manukato yasiyofaa kuliwa.

Tukumbuke jambo moja: kifuniko ni mlinzi wa mlangoni. Kama mwizi yumo ndani tayari, kufunga mlango hakusaidii. Anayemwondoa mwizi ni moto. Mfaransa Nicolas Appert alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1810 namna ya kuhifadhi chakula kwa kukifunga chupani na kuichemsha chupa yenyewe. Kazi hiyo twaiweza kwa sufuria zetu.

Kwa kilo 1 ya maembe yaliyomenywa, tia sukari kilo 1 na maji ya malimau 2. Ukali wa limau husaidia konfitiri kushika na kutoharibika. Kisha fuata hatua hizi:

1. Osha chupa na vifuniko kwa sabuni. Chemsha chupa dakika 15, uziache ndani ya maji ya moto.
2. Pika konfitiri mpaka tone lake kwenye sahani baridi lisitiririke.
3. Jaza ingali moto sana, ubakize nafasi ndogo kama nusu sentimita. Pangusa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi, ufunge.
4. Tandika kitambaa chini ya sufuria ili chupa zisipasuke. Panga chupa, maji ya moto yazifunike vidole viwili juu ya vifuniko, yachemke dakika 15.
5. Toa, ziache zipoe bila kuzigusa mpaka kesho.

Asubuhi, bonyeza katikati ya kifuniko. Kikiwa kimebonyea ndani na hakirudi juu, chupa imefunga. Kikipiga “tik” chini ya kidole, hiyo ni ya kuliwa wiki hii. Kifuniko chenye kutu, au ambacho mpira wake wa ndani umechakaa, kisitumike.

Huna kifuniko kizuri? Pika kidogo, funika kwa jani au kitambaa safi, mle mapema. Ukungu ukitokea, usikwangue juu na kuwapa watoto kilichobaki. Sumu yake hushuka chini pasipoonekana. Tupa yote.

Na tuonyane: njia hii ni ya matunda yenye ukali na sukari. Nyama, samaki, maharagwe na sombe visifungwe hivi kamwe, maana ndani ya chupa isiyo na hewa inaweza kuzaliwa sumu inayoua, bila harufu wala ladha mbaya.

Wamama, kikundi kianze na chupa 5 tu. Andikeni tarehe juu ya kila moja, mzichunguze kila juma. Zikisimama salama, ndipo mpike za kuuza. Mteja aliyekuta ukungu mara moja hatarudi, na mtoto aliyeumwa tumbo hana bei.