Mita 60 kutoka ufukwe wa mwaka gani?

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari na ziwa. Kwa mkazi wa Tunduma, aliyezoea foleni ya malori mpakani na baridi ya nyanda za juu, sheria hiyo huenda ikaonekana ni ya watu wa pwani. Lakini Mkoa wa Songwe una ufukwe wake. Ukiteremka kutoka Mlowo kwenda Kamsamba, au ukipitia Mkwajuni, unaingia Bonde la Rukwa, na huko hesabu ya mita 60 ni ngumu kuliko inavyosikika.

Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Maji huingia kwa mito ya Momba, Songwe na mingine, kisha huondoka kwa kugeuka mvuke. Ziwa limekaa kama sinia: kina ni kidogo, kingo nyingi ni tambarare. Mwaka 1929 urefu wake ulikuwa takribani kilomita 50. Kufikia 1939 ulikuwa takribani kilomita 128. Mahali ambapo ardhi inainuka mita 1 kwa kila mita 1,000, maji yakipanda nusu mita tu, ufukwe unasogea nusu kilomita. Mpimaji mwenye kamba hawezi kuufuatilia.

Ndiyo maana tunautazama kutoka angani. Setilaiti za Landsat za Marekani zinapiga picha tangu 1972, na tangu 2008 hazina yote ya picha hizo ni bure kwa yeyote mwenye intaneti. Mwaka 2015 zikaanza kuongezeka Sentinel-2 za Ulaya. Picha hizi zimegawanyika katika miraba midogo, yaani pikseli. Pikseli ya Landsat, tangu 1982, ina upana wa mita 30. Ya Sentinel-2 mita 10. Kwa hiyo zile mita 60 za sheria ni pikseli 2 tu za Landsat.

Kompyuta inatambuaje maji? Maji humeza karibu mwanga wote wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, ilhali udongo na majani huurudisha kwa wingi. Mwaka 1996 mtafiti McFeeters alipendekeza hesabu rahisi: chukua mwanga wa kijani uliorudi, toa infraredi, kisha gawanya kwa jumla ya hizo mbili. Tuseme pikseli moja imerudisha asilimia 8 ya kijani na 2 ya infraredi: 6 kwa 10, yaani 0.6. Hayo ni maji. Pikseli ya shamba kavu imerudisha 10 na 30: hasi 20 kwa 40, yaani hasi 0.5. Mahali namba inapovuka sifuri ndipo mstari wa ufukwe unapochorwa, na programu ya bure kama QGIS inatosha kwa kazi hiyo.

Rukwa haikubali mstari kirahisi. Maji yenye tope hurudisha infraredi zaidi ya maji safi, matete huficha maji yaliyo chini yake, na magadi meupe ya kiangazi huvuruga rangi. Masika mawingu hufunika bonde, hapo inabidi kugeukia rada ya Sentinel-1, inayopenya mawingu. Ramani iliyochorwa kwa picha moja, hata iwe nzuri vipi, inaonyesha siku moja tu ya ziwa.

Naona hatari kubwa iko hapo. Kijiji kikipimiwa mita 60 kwa picha ya mwaka wa ukame, watu watajenga kwa uhalali kabisa juu ya ardhi ambayo ziwa huirudia. Kinachohitajika ni ramani ya marudio: kila pikseli ihesabiwe imekuwa maji mara ngapi katika miaka 40. Kituo cha Pamoja cha Utafiti cha Umoja wa Ulaya kilitoa ramani ya namna hiyo kwa dunia nzima mwaka 2016, kwa picha za Landsat kuanzia 1984, na Rukwa imo.



Kwa Rukwa, mita 60 zihesabiwe kuanzia mahali maji yalipofika mbali zaidi katika kumbukumbu ya picha hizo, na mabikoni, yaani alama za mpaka, yasimikwe kabla ya kijiji kupitisha mpango wake wa matumizi ya ardhi. Kati ya mabikoni na ziwa kusijengwe nyumba, shule wala zahanati. Malisho na kilimo cha msimu ni suala jingine: wafugaji na wakulima wanaoyafuata maji yanaporudi nyuma wasikilizwe kwanza, kwa sababu wao wanajua pikseli zipi hukauka mwezi gani.