Tule Wapi? Desturi ya Kula Nje, Kutoka Rumangabo Hadi Brussels

Katika Bwisha ya zamani, upande wa Rutshuru mashariki mwa Kongo, mtu mzima mwenye heshima zake hakupenda kuonekana akitafuna mbele ya watu wa nje. Chakula kililiwa ndani, na mgeni aliyekaribishwa kukila alikuwa amekwisha kuhesabiwa mtu wa nyumbani. Kilichofanywa hadharani ni kunywa. Chungu cha pombe ya ndizi au ya mtama kiliwekwa katikati, watu wakakizunguka na mirija yao, na hapo ndipo posa ilipotamkwa, shamba likagawanywa, ugomvi ukazikwa. Naanza na chungu kwa sababu asiyekijua hawezi kuelewa namna watu wa Rumangabo, Rugari na Kalengera wanavyoketi mkahawani leo, wala kwa nini ndugu zao walioko Brussels hupita mikahawa mingi mizuri bila kugeuza shingo, wakaingia katika mmoja wenye meza za kubanana.

Rumangabo iko katika wilaya ya Rutshuru, kilomita kama 50 kaskazini mwa Goma, kando ya barabara ya taifa namba 2. Ni kituo kidogo chenye majina mawili makubwa: makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert wa Ubelgiji, na kambi ya jeshi. Udongo wake ni mweusi, wa volkano, unaotoa maharage, viazi, mtama na kabichi kana kwamba una haraka. Mji wa Goma hula kutoka barabara hii. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na moto wake ukaikata njia, malori ya vyakula yalikwama upande wa pili, na akina mama wa Goma wakaiona bei ya maharage ikipanda.

Chungu kilikuwa na sheria zake. Mwenye pombe alionja kwanza, mbele ya macho ya wote, ndipo akawapa wengine. Hakufanya hivyo kwa ubahili. Alikuwa akisema, bila maneno, kwamba hapa hakuna sumu. Hofu ya sumu, ambayo Goma na Bukavu huitwa karuho, ni hofu ya kweli katika Kivu hadi leo, na mtu akifa ghafla baada ya karamu, swali la kwanza kijijini ni alikunywa wapi na nani alimpa. Halafu hakuna aliyekunywa peke yake. Na aliyewaita wenzake ndiye aliyetoa. Aliyeitwa hakutoa chochote siku ile, bali alibeba deni la kuwaita naye siku yake ikifika.

Sheria hizi zilihama kutoka kwenye chungu hadi kwenye chupa bila kupoteza hata moja. Ingia katika baa yoyote ya barabarani kati ya Kibumba na Kiwanja: bia ya Primus huletwa ikiwa na kifuniko chake, na hufunguliwa mbele ya mnywaji. Mhudumu akiileta ikiwa imefunguliwa tayari, chupa hurudi ilikotoka, na hakuna anayemwona mteja kuwa mkorofi. Chupa yenyewe ni kubwa, sentilita 72, na mara nyingi humiminwa katika glasi mbili au tatu. Kunywa chupa peke yako huku jirani yako wa meza akiwa na glasi tupu ni jambo ambalo watu watalisimulia.

Kula hadharani ndiko kulikokuja baadaye, na kulikuja na barabara. Askari aliyehamishwa kutoka mbali, mlinzi wa hifadhi ambaye mke wake yuko kijijini, dereva wa lori, mfanyabiashara wa viazi, msukuma chukudu anayeteremka na makala kwenda mjini: wote hawa walihitaji sahani ya moto mahali ambapo hawana jiko. Akina mama wakafungua. Karibu vyakula vyote vya bei nafuu katika Kivu hupikwa na kuuzwa na wanawake. Mama huweka sufuria zake tangu alfajiri: maharage, sombe, lengalenga, viazi, bugali wa mahindi au wa muhogo, na siku ya soko huongeza samaki wa Vitshumbi waliotoka Ziwa Edward. Mteja hasomi orodha ya vyakula. Huuliza, “Mama, iko nini leo?” na Mama humjibu kwa kufunua sufuria. Naona kufunua huko kuna maana kubwa: ni ule ule uonjaji wa mwenye chungu. Ninakuonyesha ninachokupa.

Kabla ya bugali huja jagi la maji na beseni. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano, maji huzama, na familia nyingi huyanunua kwa bidoni. Kwa hiyo maji ya kunawa ni gharama, na mkahawa unaoyamimina kwa ukarimu hupata sifa. Mkubwa hunawishwa kwanza. Kijana humshikia Papa jagi hata kama hawajuani, ndipo naye hunawa.

Lakini meza inayobeba desturi yenyewe ni meza ya michopo. Mbuzi hununuliwa, huchinjwa, hutundikwa, na wageni huenda pamoja jikoni kuchagua kipande: paja au mbavu. Mwenye kualika ndiye anayekionyesha kwa kidole. Kisha watu hurudi kukaa, na kusubiri kunaanza. Mgeni kutoka Ulaya huangalia saa. Mwenyeji haangalii, kwani kusubiri ndiko kulikomleta. Makala yanapowaka na mafuta yakianza kudondoka, ndipo linatamkwa lile neno ambalo lisingetamkwa nyumbani: kijana anamwomba baba mdogo amsaidie mahari, ndugu wawili wanazungumzia mpaka wa shamba, mtu anamwomba mwenzake radhi. Nyama ikifika imekatwakatwa juu ya sinia moja, na vitunguu vibichi, chumvi, pilipili, na makemba ya kukaanga pembeni, maneno mazito huwa yamekwisha. Sinia ni moja kwa wote. Kila mtu hula upande wake, na kipande cha mwisho hubaki pale kikitazamwa mpaka mwenye kualika amsukumie mtu kwa jina.

Kwa muda mrefu meza hii ilikuwa ya wanaume. Katika Bwisha, kama kwa majirani wa Rwanda, mwanamke alikatazwa nyama ya mbuzi, na wasichana walitishwa kwamba wakiila wataota ndevu. Mwiko huo umevunjika, na ninafurahia kuvunjika kwake. Siku hizi wanawake wa likelemba wakigawana fedha zao za zamu huketi na sinia lao la michopo, mwenye zamu analipa, na anayegawa nyama ni mama mkubwa kuliko wote. Mwiko ulikwenda, utaratibu wa kugawa ukabaki.

Mjini Goma kuna nyongeza. Ziwa Kivu lilipandikizwa sambaza, samaki wadogo, kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na sasa hakuna baa isiyozikaanga. Huliwa nzima, kichwa na yote, kwa ndimu na pilipili. Milima ya Masisi huleta jibini la duara, ufundi ulioletwa na mapadri wa Ubelgiji, na msafiri anayepanda kurudi Rumangabo hubeba duara moja au mkate, kwa sababu aliyekula mjini na kurudi mikono mitupu amekula peke yake.

Rumangabo yenyewe ilikuwa na meza ya pili, tofauti kabisa. Ndani ya makao ya hifadhi kuna Mikeno Lodge, yenye ukumbi wa kulia unaotazama msitu. Huko kila mtu alikuwa na sahani yake, chakula kilikuja kwa awamu, na wageni walisimuliana kuhusu sokwe wa milimani waliowaona mchana. Wapishi na wahudumu walikuwa vijana wa hapa hapa, ambao jioni walirudi kwenye sinia la pamoja. Hifadhi ilifunga utalii mwaka 2018 baada ya watalii wawili wa Uingereza kutekwa nyara, na mlinzi mmoja wa kike kuuawa, ikafungua Februari 2019, ikafunga tena Machi 2020 kwa ajili ya korona. Hata hivyo vijana hao walijifunza desturi mbili za meza, na naamini hakuna shule nyingine katika wilaya nzima iliyowafundisha hilo kwa ukamilifu namna ile.

Kisha vita. Rumangabo ilishikwa na waasi wa M23 mwaka 2012, ikashikwa tena mwaka 2022, na Goma ikaangukia mikononi mwao Januari 2025. Familia za barabara hii ziliishi chini ya mahema pembeni mwa mji, Kanyaruchinya na kwingineko, zikipanga foleni kwa unga wa msaada. Watu huhesabu nyumba zilizochomwa na mbuzi walioporwa. Hawahesabu kwamba mwanamume wa Bwisha aliyekuwa akialika wenzake alikaa miezi bila uwezo wa kumwita hata mtu mmoja, na kwamba yule asiyeweza kualika hupungukiwa sauti yake katika baraza. Hasara hiyo ni kubwa, na misaada haina fungu lake.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Brussels ni mji wa Ulaya ambao Wakongo wameuzoea kuliko mingi, na wana mtaa wao: Matonge, katika Ixelles, karibu na kituo cha metro cha Porte de Namur, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Mwanzo wake unahusishwa na Maison Africaine, nyumba ya wanafunzi iliyofunguliwa mwaka 1961. Tarehe 30 Juni 2018, uwanja mdogo wa hapo karibu ulipewa jina la Patrice Lumumba. Kando ya Chaussée de Wavre na ndani ya Galerie d'Ixelles utaona kwanga, majani ya muhogo, ndizi, makayabu na pilipili vimepangwa dirishani. Vichochoro viwili ndivyo vya kula: Rue Longue Vie, yenye mikahawa iliyobanana, na Rue de la Paix, ambako Inzia imejulikana kwa miaka mingi kwa vyakula vya Kongo.

Mtu wa Rumangabo akiuliza “tule wapi?” mjini Brussels, jibu langu ni hilo, Matonge, na jioni ya Jumamosi kuliko siku nyingine. Hata hivyo ni lazima nimweleze ukweli. Jiko la Matonge ni jiko la Kinshasa. Atapata kuku wa mwambe, samaki wa liboke, pondu iliyopikwa kwa mtindo wa magharibi ya nchi, na atasikia Kilingala kuliko Kiswahili. Sambaza hatazipata kirahisi, wala viazi na maharage vilivyopikwa pamoja kama vya Rugari. Mbuzi wa makala yupo, na mara nyingi inatosha kumkalisha. Atakuta sinia la pamoja, chupa inayofunguliwa mbele yake, mpishi anayeitwa Mama, na hakuna atakayemharakisha atoke ili meza ipewe mwingine. Mambo haya manne yakikosekana, sifa za mpishi hazimsaidii.

Mikahawa mingine ya mji haina ubaya. Viazi vya kukaanga vya Wabelgiji ni vitamu kwelikweli, na Maison Antoine pale Place Jourdan imekuwa ikivikaanga tangu mwaka 1948. Mtoto wa udongo wa Kibumba anajua kiazi kizuri akikiona. Ila kula umesimama, pakiti mkononi, watu wakipita, kunamsumbua mzee aliyelelewa kula ndani. Nimewaona wazee wakigeukia ukuta. Na kuna suala la bili. Wenyeji wengi huigawana, kila mtu na chake, na kwao ni uungwana. Kwa mtu wetu, kumwita mwenzake kisha kumwachia alipe chakula chake ni kumfukuza mezani. Vijana waliokulia huko wanajifunza njia ya kati: huwaeleza marafiki mapema, “leo nimewaita mimi,” na mara ijayo humwacha rafiki awaite yeye. Hiyo ndiyo sheria ya chungu, imevuka bahari salama.

Chakula halisi cha Kivu mjini Brussels huliwa majumbani na katika kumbi za kukodi, kwenye ndoa, matanga, na mikutano ya watu wa nyumbani. Huko ndiko mama wa Rutshuru hupika maharage kwa saa nzima na zaidi, na sombe hupondwa mpaka ilainike. Wapishi wapo, basi, na ujuzi upo. Kinachokosekana ni mlango unaofunguka barabarani, wenye jina la Kivu juu yake, ambao mgeni yeyote anaweza kuusukuma siku ya Jumanne bila kualikwa arusini.

Kwa hiyo nawaomba dada na kaka zetu walioko huko, hasa nyinyi mliowahi kupika na kuhudumu Goma, Rutshuru au Rumangabo: unganeni mfungue jiko hilo Matonge. Wekeni jagi la maji mlangoni, sinia moja kwa meza moja, na mfunue sufuria mteja aone. Na wewe msomaji uliye karibu, siku watakapofungua, usiende peke yako, na ulipie uliowaita.