MFUNDISHE MTOTO WA MBWA KUTEMBEA KWA KAMBA

Siku ya chanjo ya mbwa, wanakijiji wengi huwaleta mbwa wao. Lakini wapo wasiofika. Ukiwauliza sababu, watakujibu, "Mbwa wangu hakamatiki."

Mbwa asiyekamatika hapati chanjo. Mbwa asiyechanjwa anaweza kupata kichaa na kuwaambukiza watu. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa unaoua. Mtu akishaonyesha dalili zake, ni vigumu sana kupona. Wanaoumwa mara nyingi ni watoto, kwa kuwa wao ndio wanaocheza na mbwa.

Chanjo inazuia ugonjwa huu. Katika Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, mbwa wa vijijini walianza kuchanjwa kwa wingi mwaka 1996. Kichaa kilipungua sana kwa mbwa. Watu walioumwa na mbwa wenye kichaa walipungua pia. Wataalamu wanasema kwamba tukichanja mbwa 70 katika kila mbwa 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Samaki mkunje angali mbichi. Mbwa mkubwa asiyezoea kamba huogopa, hukaza miguu, na huweza kuuma. Mtoto wa mbwa hujifunza upesi. Anza akiwa na umri wa wiki nane hivi.

Vitu vya kutumia

Tafuta kitambaa kigumu au mkanda wa zamani. Uwe na upana wa vidole viwili. Mfunge shingoni. Vidole vyako viwili vipite kati ya mkanda na shingo. Usitumie waya. Usitumie kitanzi kinachokaza, maana kitamkaba. Kisha tafuta kamba nyepesi yenye urefu wa hatua mbili. Weka pia dagaa wachache au vipande vya ugali mfukoni.

Namna ya kumfundisha

1. Siku za kwanza mvalishe mkanda peke yake. Atajikuna na kugaagaa. Mwache, atazoea.

2. Akishazoea, funga kamba kwenye mkanda. Mwache aiburute uani. Kaa karibu naye, isije ikanasa mahali.

3. Sasa shika kamba. Usimvute. Rudi nyuma hatua chache, umwite jina lake. Akija, mpe dagaa na umsifu.

4. Tembea naye polepole. Akiwa kando yako na kamba imelegea, mpe dagaa.

5. Akikuvuta, simama. Usiende mbele hata hatua moja. Akirudi kwako na kamba ikilegea, endeleeni. Atajifunza kwamba kuvuta hakumfikishi popote.

Mfundishe kwa dakika tano tu, asubuhi na jioni, kabla hajala. Usimpige. Mbwa anayepigwa akiwa kwenye kamba huichukia kamba, na humwogopa anayeishika.

Akiweza uani, mpeleke njiani. Apite karibu na ng'ombe, baiskeli na watu. Lakini mtoto wa mbwa ambaye hajachanjwa asikaribie mbwa asiyemjua. Mzoeshe pia kushikwa kichwa, masikio na miguu. Hivyo ndivyo atakavyoshikwa siku ya chanjo.

Mbwa hukua haraka. Pima mkanda kwa vidole kila wiki, na uulegeze unapobana.

Siku ya chanjo

Mbwa aletwe na mtu mzima au kijana anayemmudu. Simama mbali kidogo na mbwa wengine, ili wasipigane. Mbwa mdogo naye mpeleke. Mwulize Bwana Mifugo ni lini arudishwe kuchanjwa tena. Cheti cha chanjo kitunze vizuri nyumbani.

Ukiumwa na mbwa

Osha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni, kwa muda wa dakika 15. Halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Usingoje kuona dalili. Toa habari kwa Bwana Mifugo pia.

Ndugu msomaji, ulizia katika ofisi ya kijiji siku ya chanjo. Kama una mtoto wa mbwa nyumbani, tafuta mkanda na kamba leo. Siku hiyo itakapofika, mbwa wako atakufuata mwenyewe.