Kamera Inayozimika Usiku

Kama kamera yako hukaa vizuri mchana kutwa, kisha giza likiingia inazimika, inawaka, halafu inazimika tena, usikimbilie dukani kununua nyingine. Mimi ni fundi wa kamera hapa Euless, Texas, kati ya Dallas na Fort Worth, ubavuni mwa uwanja wa ndege wa DFW. Kamera nyingi ninazoitwa kuzitazama ni nzima kabisa. Umeme ndio hauzifikii wa kutosha.

Wateja wangu wengi ni wenzetu wa Afrika Mashariki: Wakenya, Watanzania, Wakongo. Baba yuko zamu ya usiku kwenye mizigo uwanjani, mama anatunza wazee, na watoto wamelala na bibi yao. Kamera ya mlangoni ndiyo inayowapa moyo wa kufanya kazi mpaka asubuhi. Ikizimika saa mbili usiku, mtu anakesha na macho kwenye simu akiwa kazini, na hilo linaniuma.

Shangazi mmoja alikuwa amekwisha kubadilisha kamera ya nyuma ya nyumba, na mpya nayo ikafanya vilevile. Adapta ilikuwa gereji, waya ukapanda darini na kushukia uani, kama meta 30. Nilipima kwenye adapta: volti 12 kamili. Nikapima kwenye kamera mchana: 10.8. Tukangoja magharibi ipite. Taa za infraredi za kamera, zile za kuonea gizani, zilipowaka, mita ikasoma 9.

“Mwanangu,” akaniuliza, “kama waya ndio mbovu, mbona mchana unafanya kazi?”

Swali zuri sana, na jibu lake ndilo kila mwenye kamera anapaswa kulijua. Mchana kamera ile ilikuwa ikivuta robo ampea tu. Usiku, kwa sababu ya zile taa ambazo jicho halizioni, ilivuta zaidi ya nusu ampea. Waya hupoteza volti kadiri umeme unaopita unavyoongezeka, na meta 30 kwa hesabu ya umeme ni 60, maana unakwenda na kurudi. Waya wake ulikuwa mwembamba, wa aina inayouzwa pamoja na kamera za bei nafuu, wenye ukinzani wa kama omu 5 kwenda na kurudi. Zidisha na ampea 0.6, unapata volti 3 zilizopotea njiani. Nilipomwekea waya mnene wa geji 18, upotevu ukashuka chini ya volti moja. Kamera ni ileile.

Kwa hiyo pima kwenye ncha ya kamera, usiku, kamera ikiwa inafanya kazi. Kupima adapta peke yake, bila mzigo, hakukuambii lolote la maana. Usiye na mita fanya hivi: shusha kamera, ichomeke kwenye adapta yake kwa waya mfupi, kisha funika kitundu kinachohisi mwanga ili taa ziwake. Ikikaa imara, tatizo liko kwenye waya au kwenye viungo vyake. Ikizimika hata hapo, jaribu adapta nyingine ya volti zilezile. Jumlisha pia ampea za kamera zote zinazogawana adapta moja. Kamera nne za nusu ampea kwenye adapta ya ampea 2 ni mzigo usiobakiza nafasi, na adapta iliyolazwa darini kwenye joto la Texas huchoka upesi.

Waliokuja na vifaa kutoka nyumbani wasome maandishi ya adapta. Iliyoandikwa 100–240V inafaa huku. Ya zamani iliyoandikwa 220–240V peke yake haifai, kwa sababu soketi za Marekani hutoa volti 120.

Kamera zote zikizimika kwa pamoja, anzia gereji. Soketi za huko na za nje mara nyingi hulindwa na soketi moja yenye vitufe viwili, TEST na RESET, na unyevu wa mvua huweza kuifanya ikate. Bonyeza RESET. Ikikata tena, mwite fundi umeme mwenye leseni. Hapo si pa kujaribujaribu.

Kengele ya mlango yenye kamera ina kisa chake. Hutegemea transfoma ndogo ya nyumba, na nyumba nyingi za zamani zina ya VA 10 (yaani volti mara ampea), iliyotosha kengele ya kawaida tu. Nyingi za kisasa zinataka volti 16 hadi 24 na karibu VA 30. Kwa hiyo kamera inawaka, ila mtu akibonyeza kengele, inazimika.

Baada ya Februari 2021, umeme ulipokatika sehemu nyingi za Texas kwa siku kadhaa na hapa DFW baridi ikafika nyuzi -19 za Selsiasi, wengi walinunua UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme wa nyumba ukikatika. Ndogo yenye betri ya volti 12, ampea-saa 7, ikibeba mzigo wa wati 50 haimalizi saa moja. Hata hivyo inafaa sana kwa yale makatizo ya sekunde chache yanayoweza kuharibu diski ya kurekodia. Unganisha humo mashine ya kurekodi, ruta, na ile swichi inayopeleka umeme kwa kamera kupitia waya wa intaneti. Wengi huisahau hiyo swichi, wakabaki na mashine inayorekodi skrini nyeusi.