Matundu ya Hewa Yasizibwe

Nyumba ya matofali katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, iwe mjini Rumonge au ndani ya kambi, kwa kawaida huwa na matundu ya hewa juu ya madirisha. Mjenzi hakuyaweka kwa ajili ya urembo. Hata hivyo, si ajabu kuyakuta yamezibwa kwa matambara, au wavu wake umejaa vumbi, masizi na utando wa buibui. Sababu inayotolewa ni mbu, nayo si ya kupuuzwa, kwani malaria ni adui wa kweli katika ukanda huo. Lakini mbu huzuiwa kwa chandarua na wavu safi. Tambara huzuia na hewa pia.

Hatari hudhihirika siku za mvua, jiko la makaa liingizwapo ndani. Askari aliyehamishwa kutoka milima yenye baridi ya Bururi huenda akashuka na desturi ya kulala na jiko chumbani. Mlinzi wa zamu naye hulisogeza karibu. Makaa hayo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya zaidi.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kutapika, na wengi hudhani ni malaria. Watu kadhaa wa chumba kimoja wakiamka hivyo, kisha wakapata nafuu watokapo nje, jiko ndilo la kushukiwa kwanza. Milango ifunguliwe, wagonjwa watolewe upesi, wapelekwe hospitali.

Moshi wa kuni nao huua polepole. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba uchafu wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Familia za askari, zishindazo jikoni, hazikusalimika na hatari hiyo.

Mwambao umejaliwa upepo: mchana huvuma kutoka ziwani, usiku hushuka kutoka milimani. Matundu yaliyo wazi katika kuta mbili zinazoelekeana huupitisha. Yafaa wavu ushushwe kabla ya mvua za Septemba, upigwe brashi, uoshwe kwa sabuni, na uliotoboka ubadilishwe. Tundu safi, hata hivyo, si kibali cha kulala na jiko. Mahali pake ni nje, au barazani penye paa. Na kamanda akaguaye vitanda na bunduki hapotezi kitu akiinua macho hadi juu ya dirisha.